Kliniki ya kumbukumbu tuliyompeleka Mama: maoni yangu kwa wenye wazazi wanaosahau

Kati ya nyota tano naipa nne. Iliyopungua ni ya mapokezi na malipo, nitayafikia. Nne nilizotoa zinatokana na jambo moja kubwa: hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo daktari aliambiwa "Mama anasahau" akauliza anasahau nini, tangu lini, na anatumia dawa gani. Kwingine kote tuliambiwa ni uzee.

Jina la kliniki silitaji. Iko Dar es Salaam, ndani ya hospitali binafsi, chini ya daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, na kuna nesi mmoja ambaye kwa maoni yangu ndiye anayeibeba. Ninachotaka ni kwamba hata aliyeko Kigoma au Lindi, ambaye hatafika huko, ajue huduma nzuri ya tatizo hili inafananaje, ili aidai hapo hapo alipo.

Sisi ni watu wa Tanga. Mimi ni mhasibu wa shule ya sekondari, na Mama, mwenye miaka 71, ameuza kanga na vitenge Ngamiani tangu mimi niko tumboni. Kikoba cha mtaani kwao kilipoanzishwa, wenzake walimchagua mweka hazina bila kubishana. Shule aliishia darasa la nne, lakini hisa za nani, mkopo wa nani, faini ya nani aliyechelewa, vyote alikuwa navyo kichwani. Daftari aliliandika kwa ajili ya wengine. Basi mwaka jana mwanachama mmoja alileta rejesho lake, Mama akalipokea mbele ya watu, na wiki iliyofuata akamdai tena. Akakana katakata kwamba alishapewa. Hela tulizikuta zimefungwa kwenye pindo la kanga iliyokunjwa kabatini. Mwezi haukupita likatokea tena kwa mtu mwingine. Maneno yakaanza kuzunguka mtaani kwamba Bi mkubwa anakula hela za wenzake.

Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya niandike kwa urefu huu. Mtu anayepoteza kumbukumbu huanza kuonekana mwizi, mwongo, mkorofi au aliyerogwa, na neno "mgonjwa" huja la mwisho kabisa.

Kabla ya Dar tulipita sehemu mbili. Ya kwanza ni hospitali moja ambako daktari alimsikiliza Mama kwa muda mfupi, akaangalia tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi, akasema umri huo watu husahau, akaandika multivitamini. Hakumgusa. Ya pili ni muuzaji wa vidonge vya kuongeza kumbukumbu anayejitangaza kwa WhatsApp, aliyempata shangazi yangu. Kopo moja shilingi 65,000, na dozi kamili makopo matatu. Hayo makopo nitayarudia, kwa sababu si jambo la kupita hivi hivi.

Sasa kliniki yenyewe. Jioni kabla ya miadi nesi alinipigia simu. Akaniambia, "Dada, kesho usije na cheti peke yake. Chukua mfuko, tia kila dawa anayotumia Mama. Ya hospitali, ya duka la dawa, ya miti shamba, hata aliyopewa na jirani. Usiache kitu kwa kuona ni kidogo." Nikafanya alivyosema, na nakwambia mfuko ule ndio uliofungua kesi yote.

Tulipoingia, daktari, kijana tu, alisimama. "Shikamoo Mama." "Marahaba, mwanangu." Akavuta kiti akakaa karibu naye, maswali akamuuliza yeye kwanza, na kila nilipotaka kumjibia aliniomba nisubiri zamu yangu. Usione ni jambo dogo. Mama alikuwa amezoea kuzungumziwa juu ya kichwa chake kama hayupo, na pale mabega yake yalishuka, akaanza kusimulia mwenyewe mambo ambayo mimi nilikuwa siyajui. Kwa mfano, kwamba usiku akienda msalani anashika ukuta kwa sababu miguu haisikii sakafu.

Halafu mfuko ukamwagwa mezani. Metformini ya sukari, zaidi ya miaka kumi sasa. Amlodipini ya presha. Aspirini ndogo. Omeprazoli, ambayo zamani aliandikiwa ya wiki mbili kwa ajili ya kiungulia, akaona inamsaidia, akawa anaenda kuinunua mwenyewe miaka nenda rudi. Amitriptilini ya usiku, kwa sababu miguu inamwaka moto. Piriton, aliyoanza kuimeza kwa muwasho, kisha akagundua inamletea usingizi, ikawa ya kila siku. Na kopo la vidonge vya kumbukumbu.

Daktari alizitenga, akatueleza taratibu, na mimi naeleza kama nilivyoelewa, kwa sababu naamini ziko nyumba nyingi zenye mfuko kama ule.

Metformini ni dawa nzuri ya kisukari, lakini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kuupunguzia mwili uwezo wa kufyonza vitamini B12. Omeprazoli nayo inapunguza asidi ya tumbo, na asidi hiyo ndiyo inayosaidia kuitoa B12 kwenye nyama, mayai na samaki tunaokula. Mama anakula samaki karibu kila siku, ni Tanga, angekosaje? Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwaza kwamba anaweza kupungukiwa na kitu kilichojaa ndani ya samaki. Kumbe kinaingia mdomoni lakini mwili haukichukui. B12 ikipungua kwa muda mrefu, mishipa ya fahamu huumia: nyayo zinakufa ganzi au zinawaka, mtu anayumba gizani, na kumbukumbu nayo inalegea. Tatizo ni kwamba nyayo kuwaka ni dalili ya kisukari pia. Kila aliyeiona miguu ya Mama alisema ni sukari, na ndipo akaandikiwa amitriptilini ya kutuliza.

Na amitriptilini inazuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaihitaji ili kuweka jambo na kulikumbuka. Piriton inafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mdomo wake ulikuwa mkavu, choo kigumu, na asubuhi anaamka kama bado yuko usingizini. Kwa kijana dawa hizo hupita. Kwa mzee hubaki zikimchanganya, na madaktari wa wazee wana orodha za dawa za kuepuka ambamo zote mbili zimo. Basi fuata mnyororo: dawa ya sukari na ya kiungulia zinachangia upungufu, upungufu unaleta moto miguuni, moto unatafutiwa dawa, na dawa hiyo inaongeza usahaulifu ulioanza na upungufu ule ule. Miaka yote hiyo Mama anakwenda kliniki ya kisukari kila mwezi, anapimwa sukari, anapewa vidonge, anarudi nyumbani. Hakuna aliyeketi akaangalia vyote kwa pamoja. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wapime B12 kwa mgonjwa wa metformini mwenye dalili za upungufu. Huku kwetu metformini inamezwa na watu wengi mno, na natamani kila kliniki ya kisukari ibandike ukumbusho huo ukutani.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Metformini daktari hakuisimamisha, na alituonya tusithubutu kuiacha. Amitriptilini aliipunguza kidogo kidogo, maana kuikata ghafla nako kuna madhara yake. Piriton ya kila usiku ndiyo iliyoondoka. Kwa hiyo usiende kumnyang'anya mzazi wako dawa zake leo kwa sababu umesoma hapa. Zipeleke kwa daktari kwenye mfuko.

Baada ya dawa tulihamia kwa nesi kwa vipimo vya akili. Hapa nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu ile hospitali ya kwanza walijaribu kumpa Mama karatasi achore maumbo, akaona haya, akasema macho yanauma. Nesi huyu alitoa kiberiti. Akamwaga njiti mezani, akachukua nne, akazipanga umbo fulani huku vichwa vya njiti vikiangalia pande alizozichagua, akasema, "Mama yangu, nipangie kama hivi pembeni yake." Mama akapanga. Umbo lilitoka sawa, ila vichwa viwili viligeukia upande mwingine. Akaangalia la nesi, akaangalia lake. Kidole kikawa kinazunguka juu ya njiti bila kuzigusa. "Kuna kitu hapa," akasema, "kuna kitu hakijakaa." Nesi hakumharakisha wala hakumsaidia, aliacha tu. Mama akageuza njiti moja. Ya pili hakuiona.

Baadaye nesi alinieleza kwamba kipimo hicho chimbuko lake ni utafiti wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kilitengenezwa kwa ajili ya wazee wa Afrika ambao wengi hawakusoma. Vipimo vingi vya Ulaya na Marekani vinamtaka mtu ashike kalamu, achore, asome sentensi. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu atafeli hata kama akili yake ni timamu. Njiti za kiberiti kila mtu amezishika. Huko Hai watafiti waliwakuta na dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, takriban asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, kwa hiyo yeyote anayekwambia ugonjwa huu ni wa Wazungu anakupotosha.

Kuna sehemu ya kutaja wanyama wengi kadiri mtu awezavyo ndani ya dakika moja. Mama alianza na mbuzi, ng'ombe, kuku, paka, akakwama, akainamisha kichwa, kisha akaingia baharini: changu, tasi, kolekole, jodari, pweza, ngisi. Nesi anaandika tu, kalamu inakimbia. Nilifurahi mno kumwona vile. Kuna pia orodha ya maneno ya kukariri na kuulizwa baadaye, na huko ndiko alikoangukia; mengi yalikuwa yamefutika. Maneno yenyewe siyaandiki, maana mgonjwa wako akija ameyakariri kipimo kitakuwa hakina maana. Alama zake zilikuwa za katikati, si za mzima wala si za aliyeharibikiwa, na nesi alisema wazi kwamba alama hazitoi jina la ugonjwa, zinaonyesha tu kwamba pana haja ya kutafuta zaidi.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea ni masikio. Nesi alichungulia, akakuta nta imeziba sikio la kulia kabisa na la kushoto nusu. Wakalainisha kwa matone, tukarudi ikatolewa. Njiani kwenda nyumbani Mama aliniuliza kwa nini dereva wa bajaji anapiga honi hivyo. Baadhi ya mambo tuliyodhani ameyasahau, hakuwahi kuyasikia. Tena upungufu wa kusikia wenyewe ni kati ya mambo yanayoongeza hatari ya dimenshia. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ya aina hiyo, yakiwemo presha, kisukari, sigara, upweke, kuumia kichwa na macho mabovu yasiyotibiwa, ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama yote yangeshughulikiwa.

Vipimo vya damu vilikuwa vingi: wingi wa damu, sukari, figo, chumvi za mwili, tezi ya thairoidi, B12, VVU na kaswende. Hivyo viwili vya mwisho vilimkasirisha Mama. "Mimi mjane mtu mzima, mnanipima kaswende?" Daktari hakucheka wala hakumlazimisha. Alimweleza kwamba kaswende inaweza kukaa kimya miaka mingi mwilini na kuja kuugusa ubongo uzeeni, kwamba VVU navyo vinaweza kuathiri kumbukumbu, na kwamba anavitafuta kwa sababu vyote vina dawa. Thairoidi ikilegea mtu anakuwa mzito, anasikia baridi, anasahau, na kidonge cha kila siku kinamrudisha. Chumvi ya damu ikishuka sana mtu anachanganyikiwa. Mkojo ukiwa na maambukizi mzee anaweza kuweweseka hata kama hana homa. Mama akanyoosha mkono. Majibu ya kaswende na VVU yalikuwa safi, thairoidi nzima.

Kisha daktari akaniomba nitoke nje. Alitaka kuongea naye peke yake kuhusu moyo wake, usingizi wake na Baba, ambaye alifariki miaka miwili iliyopita. Sonona kwa mzee inaweza kujitokeza kama usahaulifu mtupu, bila machozi. Walichozungumza sikuambiwa chote, na naheshimu hilo. Mama alitoka macho mekundu na hatua nyepesi.

Wakati nasubiri kwenye benchi nilikaa na kaka mmoja kutoka Bagamoyo. Mzee wake aliteleza bafuni, akagonga kichwa kidogo, akainuka akaendelea na shughuli. Wiki kadhaa baadaye akaanza kusinzia mchana, kutaja majina ya watu waliokufa, mguu mmoja unaburuzika. Nyumbani walishaanza kumsomea. Kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa, kikaonyesha damu iliyovuja taratibu ikakaa kati ya fuvu na ubongo, akafanyiwa upasuaji ikatolewa, na siku hiyo alikuwa amekuja kuangaliwa maendeleo, anabishana na mwanawe kuhusu Simba na Yanga. Nilimwangalia yule mzee nikawaza ni wangapi wamezikwa na damu kama ile kichwani, familia zao zikiamini ni uzee au ni mkono wa mtu.

Majibu ya Mama yalikuja na sababu zaidi ya moja. B12 ilikuwa chini sana. Na CT ilionyesha alama ndogo ndogo za viharusi vya zamani, vile ambavyo hupita bila mtu kuanguka wala mdomo kupinda, kazi ya presha ya miaka. Daktari alimweleza yeye mwenyewe, akitumia kiganja chake kama ramani: upungufu na dawa tunaweza kuvirekebisha, alama za kiharusi zimeshakuwepo, kazi yetu ni kuzuia nyingine. Hakutupa jina la ugonjwa wa Alzheimer, ile dimenshia inayotajwa zaidi, hakutuahidi kwamba haupo. Alisema turekebishe kwanza yanayorekebishika, tusubiri miezi, tupime upya. Namshukuru kwa uaminifu huo. Kuna wanaotaka jina siku hiyo hiyo. Mimi naona bora daktari anayekwambia ngoja.

Sindano za B12 tulichomea zahanati ya Tanga, mwanzoni za karibu karibu, sasa mara moja kwa mwezi. Moto wa miguu umepungua sana. Ukungu wa asubuhi uliondoka ndani ya wiki chache baada ya Piriton na amitriptilini kupungua, na hilo kila mtu nyumbani aliliona. Anapiga hesabu tena. Ila jioni bado anaweza kuuliza swali moja mara tatu, na wiki iliyopita alichanganya jina la mjukuu. Siwezi kukuandikia kwamba amepona. Ni Mama tunayemfahamu zaidi kuliko yule wa mwaka jana. Barua ya daktari niliipeleka kwenye kikoba, mwenyekiti akaisoma mbele ya wanachama wote, na yule mama aliyedaiwa mara mbili ndiye aliyesimama wa kwanza kwenda kumkumbatia. Uweka hazina ameachia kwa hiari yake. Anakaa pembeni ya mweka hazina mpya wanahesabu pamoja.

Sasa yale makopo. Daktari alisoma lebo: ginkgo, dawa itokanayo na majani ya mti wa jina hilo, pamoja na "mimea mchanganyiko" isiyotajwa. Akasema ya mchanganyiko hawezi kuyasemea. Ya ginkgo anayajua: majibu ya utafiti mkubwa wa Marekani yaliyotoka mwaka 2008, kwa wazee zaidi ya 3,000 wenye miaka 75 na kuendelea, yalionyesha kwamba haikuzuia dimenshia. Pia ginkgo inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa mtu anayetumia aspirini, na Mama anaitumia. Muuzaji hakuwahi kumuuliza Mama anatumia dawa gani. Shilingi 195,000 za shangazi yangu zilikwenda hapo, na kwa fedha hiyo angelipa kumwona bingwa, ambaye sisi tulimlipa 50,000, na vipimo kadhaa vya damu, na chenji ingebaki.

Upungufu wa kliniki sasa. Mapokezi kuna dada aliyesimama mlangoni akaita kwa sauti, "Mgonjwa wa kusahau yuko wapi?" Ukumbi mzima ukageuka. Mama aliinamisha uso, na ilibidi nimshike mkono. Nilimfuata yule dada baadaye nikaongea naye kwa adabu, akaomba radhi, lakini mtu anayepokea wagonjwa wa aina hii anapaswa kufundishwa kabla hajakaa kwenye kile kiti. La pili ni malipo: kila kipimo unarudi dirishani kulipia upya, dirisha liko ghorofa ya chini, maabara ghorofa ya pili, na lifti siku ile ilikuwa haifanyi kazi. Unamkokota mzee anayeyumba kwenye ngazi, au unamwacha peke yake mahali asipopajua. La tatu, kipimo cha B12 bima yetu haikukilipia, tukatoa mfukoni, na hakuna aliyetuambia hilo hadi tuko dirishani. Ujumbe wa kukumbusha miadi unakuja kwa Kiingereza, kwa mzee wa darasa la nne. Na benchi za kusubiria hazina egemeo.

Nani aende? Yeyote ambaye mzazi wake anasahau kiasi cha kuharibikiwa mambo aliyokuwa akiyamudu: hela, mapishi, njia ya nyumbani, swala ngapi ameswali. Nani asisubiri miadi? Ambaye mzee wake amechanganyikiwa ghafla, leo au juzi, au amepinda mdomo, ameanguka akagonga kichwa, ana homa, au anatumia dawa za kushusha sukari na anatoka jasho huku anaweweseka. Huyo ni wa dharura, hospitali ya karibu, saa hiyo hiyo, na sukari ipimwe kabla ya jambo jingine lolote.

Ukipata nafasi ya kliniki ya namna hii, fika mapema kabla ya saa mbili asubuhi, maana foleni inajaa. Mtilie mzee miwani yake, mpe chai kwanza isipokuwa umeambiwa afunge kwa ajili ya kipimo. Andika kwenye karatasi mambo aliyoyasahau na yalianza lini, mfano halisi, si "anasahau sahau" tu; daktari alisema karatasi yangu ilimsaidia kuliko alivyotarajia. Beba mfuko wa dawa zote. Nendeni wawili kama mnaweza, mmoja wa kukimbilia dirisha la malipo na mmoja wa kubaki na mgonjwa. Tunarudi kupimwa upya baada ya miezi mitatu, na nikikuta wamehamishia malipo juu karibu na maabara nitakuja kuongeza nyota ya tano.